Wimbo wa Tamati: Ni wa Nani?

Filamu inapomalizika, majina huanza kupanda juu ya pazia la sinema au kioo cha televisheni, na aghalabu wimbo husindikiza majina hayo. Mtazamaji aliyependezwa huuliza: wimbo huu ni upi, nao ni wa nani? Swali la pili ndilo linalomtatiza mfasiri, kwani a-unganifu ya Kiswahili hubeba mzigo mkubwa. Mtunzi, mwimbaji na mwenye mali wote huingia ndani yake bila kutofautishwa.

Tuchukue filamu ya Titanic ya mwaka 1997. Wimbo wake wa mwisho, "My Heart Will Go On", hutajwa na wengi kuwa ni wa Celine Dion. Dion aliuimba, muziki ulitungwa na James Horner, na maneno yakaandikwa na Will Jennings. Filamu ya The Lion King ya mwaka 1994 inafunza zaidi. "Can You Feel the Love Tonight" husikika humo mara mbili: katikati ya hadithi huimbwa kwa sauti za wahusika, na majina yanapopita huimbwa na Elton John, ambaye ndiye mtunzi wa muziki wake. Maneno ni ya Tim Rice. Utungo ni mmoja, rekodi ni mbili. Karani wa kituo cha utangazaji anayeandika "wimbo wa Elton John" katika taarifa ya muziki uliotumika hajaeleza ni rekodi ipi, na Rice amemsahau kabisa.

Hapa pana haki za watu. Nchini Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inatenganisha haki ya mtunzi na haki za mwimbaji na mtayarishaji wa rekodi. Malipo hufuata majina yaliyoandikwa, na asiyetajwa huweza kukosa chake.

Tunapendekeza istilahi "wimbo wa tamati", kwa kuwa neno "tamati" limezoeleka kwa wasomaji wa hadithi. Majina yanayopita tungeyaita "orodha ya washiriki". Wako wanaosema "orodha ya wahusika", lakini mhusika katika fasihi ni yule aliyemo ndani ya hadithi. Simba ni mhusika, mshika kamera siye.

Kosa linalotuudhi zaidi limo katika kutafsiri maneno yanayotangulia jina la kampuni ya rekodi. Wafasiri huandika "kwa hisani ya". Msikilizaji wetu amezoea kusikia maneno hayo kwa mfadhili wa kipindi, naye atadhani kampuni imetoa zawadi. Maana yake ni kwamba mwenye rekodi ameruhusu itumike, na mara nyingi amelipwa. Iandikwe "kwa idhini ya".

Anayetafuta jina la wimbo asichukue tu ule ulioandikwa mwisho katika orodha. Nyimbo mara nyingi hupangwa kwa jinsi zilivyosikika, lakini si lazima, na filamu moja huweza kuwa na nyimbo mbili au zaidi za tamati. Katika televisheni orodha yenyewe huenda ikabanwa pembeni au kukatwa ili tangazo lipite (desturi mbaya, kwa maoni yetu). Programu za simu kama Shazam husaidia, ila hizo hulinganisha sauti na rekodi zilizohifadhiwa. Zinachotambua ni rekodi. Mwimbaji mwingine akiimba utungo uleule, programu haina budi kuwa na rekodi yake yeye.

Kwa hiyo katika taarifa na tafsiri tuandike hivi: jina la wimbo kama lilivyo katika lugha yake, kisha "muziki umetungwa na", "maneno yameandikwa na", "umeimbwa na", na mwisho "rekodi imetumika kwa idhini ya". Mtunzi akiwa ndiye mwimbaji, jina lake lirudiwe katika kila nafasi.