Umezaliwa Saa Ngapi? Hesabu Iliyo Ndani ya Programu ya Unajimu

Chukua mtu aliyezaliwa tarehe 1 Juni 1990. Alipotimiza miaka 30, mnajimu wa Magharibi aliyetaka kujua mwaka huo umemwandalia nini alirudi 1990, akahesabu siku 30 kutoka siku ya kuzaliwa, akaisoma anga ya tarehe 1 Julai. Siku moja ya anga inasimama badala ya mwaka mmoja wa maisha. Wenyewe huiita njia hii progresheni; mimi nitasema msogezo. Jua la mtu huyo, lililokuwa karibu nyuzi 10 za buruji ya Jauza, kwa msogezo limefika nyuzi 9 hivi za buruji ya Saratani. Njia hii inahusishwa sana na Placido de Titis, mtawa na mwanahisabati wa Italia wa karne ya 17.

Zamani kazi hiyo ilitaka kitabu kinene cha majedwali, kalamu na subira. Leo programu huimaliza kabla hujapepesa macho. Nyingi zinategemea maktaba ya hesabu za sayari iitwayo Swiss Ephemeris, iliyotolewa mwaka 1997 na Astrodienst ya Uswisi, ambayo msingi wake ni data za mahali pa sayari kutoka Jet Propulsion Laboratory ya NASA. Inafunika karibu miaka 30,000. Ndani yake tarehe yako hugeuzwa kuwa namba moja tu, hesabu ya siku mfululizo tangu mwaka 4713 kabla ya Kristo. Kisha programu huchukua umri wako kwa siku, huugawa kwa 365.2422, hujumlisha jibu kwenye namba ya kuzaliwa, na kuuliza sayari zilikuwa wapi wakati huo. Basi. Msogezo wote ni mstari mmoja wa hesabu.

Uzuri wake unaonekana kwenye Mwezi. Kwa siku Mwezi husogea nyuzi 13 hivi, kwa hiyo katika msogezo hutembea takribani uzi mmoja kila mwezi wa maisha yako, na kuzunguka buruji zote 12 kwa miaka 27 na ushee. Zebaki nayo, ambayo angani huonekana kurudi nyuma kwa wiki 3 hivi, katika msogezo hurudi nyuma kwa zaidi ya miaka 20.

Sasa niseme wazi. Mahali pa sayari ni elimu ya anga, na hapo programu haikosei kwa kiasi ambacho jicho la binadamu lingeweza kutambua. Maana inayobandikwa juu yake ni jambo jingine kabisa. Mwaka 1985 jarida la Nature lilichapisha jaribio la Shawn Carlson: wanajimu walipewa chati ya kuzaliwa, yaani ramani ya anga ya wakati mtu alipozaliwa, na maelezo ya tabia za watu watatu, wachague yupi ni mwenye chati. Walipatia mara moja katika tatu, sawa na mtu anayebahatisha. Jaribio lile lilihusu chati ya kuzaliwa, si msogezo, lakini msogezo umejengwa juu ya chati hiyohiyo. Watu huahirisha ndoa na safari kwa sababu ya tarakimu zilizo kwenye skrini. Wana haki ya kujua kwamba zile desimali zinapima anga, hazipimi bahati.

Na hata hesabu yenyewe huharibika mlangoni, pale unapoandika saa. Hapa sisi wasemaji wa Kiswahili tuna mtego wetu. Mama anasema, "Nilikuzaa saa moja na nusu asubuhi." Mtoto anaandika 01:30. Programu inaelewa usiku wa manane, wakati mama alimaanisha 07:30. Kosa ni saa 6, yaani robo ya siku, na katika msogezo robo ya siku ni robo ya mwaka: siku ambayo Mwezi unaingia buruji mpya itaonekana imechelewa kwa miezi 3. Buruji inayochomoza mashariki, ambayo mnajimu huanzia kuhesabu nyumba, yaani sehemu za chati, itakuwa imekosewa kwa karibu robo ya duara.

Kwa wazee kuna tatizo la pili. Katika baadhi ya miaka ya ukoloni, saa za Kenya ziliitangulia Greenwich kwa saa 2 na dakika 45, si 3 kama leo. Dakika 15 ni siku 4 hivi za msogezo. Programu nzuri huwa na kumbukumbu ya mabadiliko hayo. Isiyo nayo hukupa jibu lisilo sahihi, lenye desimali nyingi vilevile.

Kuna njia ya kujikagua, na haihitaji kuamini unajimu. Tuseme bibi yako wa Mombasa anakumbuka kwamba mama yako alizaliwa mara tu baada ya adhana ya magharibi, saa kumi na mbili na nusu. Wakati huo Jua limetoka kuzama, kwa hiyo kwenye chati lazima likae chini kidogo ya mstari wa upeo, upande wa magharibi. Ukifungua programu ukalikuta juu kabisa, karibu na utosi wa anga, kuna mtu ameandika 12:30.