Saa za Masomo Katika Visiwa vya Lamu

Katika visiwa vya Lamu watoto wengi husoma mahali pawili: asubuhi huenda shule, na alasiri huenda madrasa. Tena wako wanaotakiwa nyumbani kutumwa dukani, au kumsaidia baba kushona nyavu. Si ajabu basi kumsikia mwanafunzi akisema kwamba hana nafasi ya kusoma. Lakini mara nyingi kinachokosekana si wakati, bali ni mpango. Na hasara yake huonekana siku ya mtihani.

Jambo la kwanza ni kujua wakati usiohama na wakati uhamao. Lamu iko karibu na ikweta, kwa hiyo jua huchomoza na kutua karibu saa zile zile mwaka mzima. Tofauti yake ni kama nusu saa tu. Sala tano huigawa siku kwa namna isiyobadilika sana. Bahari haiko hivyo. Maji hujaa mara mbili kwa siku, na kila siku hukawia kwa dakika 50 hivi. Baada ya siku 7, saa iliyokuwa ya maji kujaa huwa ya maji kupwa. Wenyeji wa mji wa Pate walijua sana jambo hili, kwani maji yakipwa mashua haifiki mjini, na abiria hushukia Mtangawanda.

Basi yafaa masomo yafuate jua, na kazi za pwani zifuate maji. Mwanafunzi na achague nyakati mbili: baada ya sala ya alfajiri afanye somo gumu, kama hesabu, maana akili imepumzika, na baada ya isha adurusu. Wazazi nao wasimpe kazi saa hizo. Kila Ijumaa aulize saa za maji za juma lijalo, kisha aandike kazi zake moja moja. Asiandike "kusoma hesabu", bali "kufanya hesabu 10 za sehemu", ili ajue kazi imekwisha lini.

Kudurusu si jambo geni pwani. Tangu zamani mtoto wa chuoni huyasoma tena ya jana mbele ya mwalimu kabla ya kupewa mapya. Mwaka 1885 mtaalamu wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha habari za majaribio aliyojifanyia mwenyewe juu ya kukumbuka na kusahau. Aliona kwamba mtu husahau mengi katika saa za kwanza baada ya kujifunza, na kwamba kurudia kwa siku mbalimbali kwafaa kuliko kukariri yote siku moja. Kwa hiyo somo la Jumatatu lirudiwe Jumanne kwa dakika 10, lirudiwe tena Ijumaa, na mara nyingine juma lifuatalo. Daftari lifungwe kwanza, mwanafunzi ajiulize anachokumbuka, ndipo alifungue asahihishe. Simu iwekwe mbali.

Mwanafunzi afuataye mpango huu hana haja ya kukesha usiku wa kuamkia mtihani, na usingizi ni msaada mkubwa kwa akili. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini hapana kibaba kijaacho kwa usiku mmoja.