Makohozi ya TB: Rangi nyekundu au ile inayong'aa?

Kikohozi cha mwezi mzima, jasho la usiku na nguo zinazoanza kupwaya mwilini. Mkazi wa Magongo au mtaa wa Airport, huko Changamwe, akiziona dalili hizo huenda hospitali, labda ile ya Port Reitz iliyo jirani, akapimwe kifua kikuu. Hupewa kikopo, hutoa makohozi, kisha hungoja. Akiambiwa "hakuna viini" hufurahi na kurudi katika chumba kimoja anacholala na mke na watoto.

Lakini je, viini havikuwamo au havikuonekana? Jibu lategemea sana rangi iliyotumiwa maabarani.

Kiini cha kifua kikuu, ambacho Robert Koch alitangaza kukigundua mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882, kina ngozi yenye nta. Rangi hupenya humo kwa shida, lakini ikishapenya hata asidi haiitoi. Wajerumani wawili, Ziehl na Neelsen, waliitumia tabia hiyo kuunda kipimo kinachoitwa kwa majina yao hadi leo. Makohozi hupakwa kwenye kioo, humwagiwa rangi nyekundu ya fuksini na kupashwa moto hadi mvuke utoke. Kisha huoshwa kwa asidi iliyochanganywa na spiriti, na mwisho hutiwa rangi ya buluu. Viini vya TB hubaki vijiti vyekundu katika uwanja wa buluu.

Taabu ni kwamba vijiti hivyo ni vidogo mno. Mpimaji hutumia lenzi inayokuza mara 1,000, naye huona sehemu ndogo sana kwa wakati mmoja. Kabla ya kuandika kwamba hakuna kitu, yampasa apitie sehemu 100 za kioo hicho kimoja. Wengi wetu tungechoka kabla ya kioo cha tatu, na macho yaliyochoka hayaoni vijiti viwili vitatu vilivyojificha pembeni.

Njia ya pili hutumia auramini, rangi iliyoanza kutumika kwa TB katika miaka ya 1930. Haihitaji moto. Chini ya mwanga maalum viini hung'aa manjano kama nyota usiku, hivyo lenzi ndogo yatosha na kioo humalizwa kwa muda mfupi zaidi. Mwaka 2006 watafiti waliokusanya matokeo ya nchi nyingi walikuta njia hii hunasa wagonjwa zaidi kwa takriban asilimia 10. Hapa Kenya, utafiti wa Nairobi uliochapishwa 2003 na kuhusisha watu 1,398 ulionyesha kwamba makohozi mawili kwa auramini yana gharama nafuu kuliko matatu kwa rangi nyekundu.

Mbona basi haikuenea mapema? Taa yake ya zebaki ilikuwa ghali, iliungua upesi na ilidai chumba chenye giza. Taa ndogo za LED ndizo zilizobadili mambo, na mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza zichukue nafasi ya mtindo wa zamani. Hata hivyo auramini hufifia kioo kikiachwa mwangani, na takataka zinazong'aa zaweza kumhadaa mpimaji mgeni.

Rangi zote mbili zina kikomo. Hadubini huhitaji viini kama 5,000 au zaidi katika mililita moja ya makohozi. Mtu mwenye virusi vya UKIMWI mara nyingi ana vichache kuliko hivyo, ingawa ugonjwa unamla. Mashine ya GeneXpert, iliyoidhinishwa na Shirika hilo mwaka 2010, hunasa hata viini 130 hivi na kuonyesha kama vimeizoea dawa ya rifampisini. Lakini mashine hiyo huhesabu hata viini vilivyokufa, kwa hiyo haifai kupima kama dawa zinafanya kazi. Hapo hadubini ingali inahitajika.

Ukipewa kikopo, toa makohozi ya asubuhi, yanayotoka kifuani hasa na si mate, ukiwa mahali penye hewa. Uliza yatapimwa kwa njia gani. Na ukiambiwa hakuna kitu huku kikohozi kikiendelea, rudi uombe GeneXpert au picha ya kifua.