Biti bila mpangilio humla fundi faida

MAKAMBAKO ni mji wa njia panda. Hapo ndipo barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya inapoachana na ile inayoelekea Njombe na Songea, na reli ya TAZARA nayo hupita mjini. Malori ya mbao, mahindi na viazi hayakauki, na palipo na malori na mazao hapakosekani kazi ya fundi chuma: tela limekatika, plau imelegea, fremu ya mashine ya kusaga inataka bolti mpya.

Sehemu kubwa ya kazi hizo huanza kwa kutoboa tundu. Ndiyo maana karakana nyingi, za Makambako na za Njombe mjini, umbali wa kiasi cha kilometa 60, huweka akiba mpaka zikapata drili ya kusimama. Mashine hiyo hununuliwa kwa fedha nyingi na kutunzwa kama mboni ya jicho. Lakini biti zake, ambazo vitabuni huitwa keekee, mara nyingi hutupwa ndani ya kopo la rangi au boksi la misumari, na hapo ndipo faida inapoanza kuvuja bila mwenye karakana kufahamu.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kwa fundi wa drili, daftari hilo si lazima liwe la karatasi. Kipande cha ubao chenye matundu yaliyoandikwa namba kinatosha kumwambia alicho nacho, kilichopotea na kinachopaswa kununuliwa kabla mteja hajafika.

Hasara iliyomo ndani ya kopo

Hasara ya kwanza ni ya makali. Biti nzuri ya chuma hutengenezwa kwa aina ya chuma kigumu kinachojulikana kwa herufi HSS, ambazo kwa kawaida hupigwa kwenye mkia wake. Chuma hicho huvumilia joto la kutoboa, lakini ugumu wake una gharama: kikigongwa humeguka badala ya kupinda. Biti zikikaa pamoja ndani ya kopo, kila fundi anapotia mkono kutafuta, makali hugongana. Biti iliyomeguka hata kidogo hukata upande mmoja, hupata joto kupita kiasi na kutoa tundu lisilo na kipimo.

Hasara ya pili ni ya kipimo. Namba zinazoandikwa kwenye mkia wa biti ndogo hufutika haraka. Baada ya hapo fundi hukisia kwa jicho, na jicho haliwezi kutofautisha milimita 12.5 na 13. Tatizo huwa kubwa zaidi pale biti za inchi zinapochanganywa na za milimita, kwani nusu inchi ni milimita 12.7. Tundu likibana, bolti hupigwa nyundo. Likizidi, bolti hucheza. Kwenye plau au tela linalobeba gunia za viazi katika njia mbovu, bolti inayocheza hula tundu lake siku hadi siku mpaka chuma kinapasuka.

Hasara ya tatu ni ya muda, na hii ndiyo isiyoonekana. Chukulia karakana inayopoteza dakika 10 tu kwa siku kutafuta biti. Kwa siku 26 za kazi, hizo ni dakika 260 kwa mwezi. Kwa mwaka zinafika dakika 3,120, yaani saa 52, ambazo ni siku sita na nusu za kazi ya saa nane. Na mara nyingi siku hizo huangukia wakati wa mvua, kati ya Novemba na Aprili, ambapo mkulima aliyesimama mlangoni anahesabu saa zake shambani.

Ubao wa kupangia

Dawa yake ni rahisi na malighafi ipo mlangoni, kwa kuwa Njombe ni mkoa wa mbao. Kinachohitajika ni kipande cha mbao ya paini iliyokauka vizuri, chenye unene wa kiasi cha sentimita 4 na urefu wa sentimita 40 au 50.

Seti ya kawaida ya chuma huanzia milimita 1 hadi 13, ikipanda kwa nusu milimita. Hizo ni biti 25. Fundi hupima na kuweka alama za matundu kwa mstari, kuanzia ndogo hadi kubwa, akiacha nafasi ya kutosha vidole kushika biti moja bila kugusa jirani yake. Kila tundu hutobolewa kubwa kuliko biti yake kwa nusu milimita, ili biti iingie na kutoka bila kulazimishwa, na kina chake kiwe kiasi cha kuufanya mkia usimame imara.

Mkia huingia chini na ncha hubaki juu. Mpangilio huu humwezesha fundi kuona kwa mtazamo mmoja biti iliyoisha makali. Kwa kuwa ncha zinaweza kukata mkono, ubao uinamishwe kidogo kuelekea kwa anayechukua, na biti ishikwe kiunoni, si nchani.

Chini ya kila tundu huandikwa kipimo, kwa rangi au kwa kupiga namba kwenye kipande cha bati. Hapa ndipo ubao unapoanza kumlipa mwenye nao, kwa sababu unaweza pia kubeba elimu ya kazi. Kwa tundu litakalokatwa nyuzi kwa tepu, bolti ya milimita 6 yenye nyuzi za kawaida hutaka biti ya 5. Bolti ya 8 hutaka biti ya 6.8, ya 10 hutaka 8.5, na ya 12 hutaka 10.2. Biti za 6.8 na 10.2 hazimo katika seti ya nusu nusu, hivyo ziongezewe matundu yake. Kwa tundu la bolti kupita tu, bolti ya 8 hupewa tundu la 9, ya 10 hupewa 11, na ya 12 huweza kupita vizuri kwenye 13.

Vipimo hivyo vikiandikwa ubaoni, kijana anayejifunza kazi hana haja ya kuuliza kila mara, na fundi mkuu akisafiri kazi haisimami.

Biti za inchi zipewe ubao wake. Vivyo hivyo biti za mbao na zile za ukutani zenye ncha ya kabaidi. Biti ya ukutani haikati chuma ipasavyo, na biti ya chuma ikipelekwa kwenye zege huisha makali papo hapo. Kuzitenga si urembo, ni kuzuia kijana mwenye haraka asichukue isiyo yake.

Zipo pia biti kubwa zenye mkia mwembamba kama pia, ambazo huingia moja kwa moja kwenye mhimili wa mashine. Mkia wa namna hiyo unabeba jina la Stephen Morse, Mmarekani aliyepata hati miliki ya biti ya kujisokota mwaka 1863. Nguvu yake yote ya kushika hutokana na uso laini wa mkia huo. Ukipata kovu au mchanga, biti huteleza na kuharibu mashine yenyewe. Hizi zilazwe kila moja katika mfereji wake na zifutwe kwa kitambaa kabla ya kutumika.

Mahali pa kuweka

Ubao mzuri ukiwekwa pabaya ni kazi bure. Kosa linaloonekana mara nyingi ni kuutundika nyuma ya drili, hivyo kwamba fundi anapitisha mkono mbele ya biti inayozunguka ili kuchukua nyingine. Shati lenye mikono mirefu au kitenge kilicholegea kinatosha kuvutwa na mashine kabla mtu hajapiga kelele.

Mahali salama ni pembeni, upande wa mkono anaoutumia fundi, kwenye urefu wa kifua, umbali wa hatua moja. Usiwe chini ya meza ya drili, kwa kuwa chembe za chuma humwagika na kujaza matundu. Karibu na ubao huo kuwe na msumari wa kutundikia ufunguo wa kukazia biti. Ufunguo ukiwa na nyumba yake, si rahisi kusahauliwa kwenye kichwa cha drili, kosa ambalo huufanya uruke kama jiwe la manati mashine inapowashwa.

Ukungu wa Njombe, vumbi la Makambako

Miji hii miwili ina adui tofauti. Njombe iko juu, kiasi cha meta 2,000 kutoka usawa wa bahari, na ukungu na baridi yake huacha unyevu juu ya chuma usiku kucha. Makambako panajulikana kwa upepo, na upepo huleta vumbi.

Kwa Njombe, jambo la kwanza ni aina ya mbao. Mbao mbichi hutoa maji na asidi zinazokula chuma. Miwati, mti ambao magome yake yana tanini nyingi na ndio uliozaa kampuni ya TANWAT mwaka 1949, si chaguo jema kwa kazi hii, kwani tanini na chuma vikikutana penye unyevu huacha doa jeusi. Milingoti mibichi nayo ina tabia ya kupasuka na kupinda inapokauka. Paini kavu, iliyopakwa oili na kuachwa inywe, ndiyo inayofaa. Jioni biti zifutwe kwa kitambaa chenye oili kidogo.

Kwa Makambako, oili nyingi ni mwaliko wa vumbi. Ipakwe nyembamba sana, na ubao ujengewe kasha lenye mfuniko. Hata mfuko mzito wa nailoni unaofunika ubao usiku ni bora kuliko kuuacha wazi.

Tundu tupu linasema

Faida kubwa ya ubao huonekana saa ya kufunga kazi. Tundu lililo tupu linaonekana kwa mbali, hasa likizungushiwa rangi nyekundu. Biti aidha imevunjika, imebaki kwenye mashine, imeazimwa na jirani au imesahauliwa mfukoni. Yote hayo yanaweza kujulikana jioni ileile, wakati kumbukumbu bado ipo.

Kwa karakana yenye vijana kadhaa, kila mmoja apewe vipande vichache vya bati vyenye jina lake. Anayechukua biti kwenda nayo nje huacha kibati chake kwenye msumari ulio chini ya tundu. Hapo hakuna lawama wala kusingiziana.

Biti butu isirudishwe ubaoni. Iwekwe katika kopo dogo la kusubiri kunolewa, na siku moja ya wiki itengwe kwa kazi hiyo. Ncha ya kawaida ina pembe ya nyuzi 118, na makali yake mawili lazima yawe na urefu sawa. Upande mmoja ukizidi, tundu litakuwa kubwa kuliko biti yenyewe. Biti yenye rangi ya dhahabu isimdanganye mtu. Rangi hiyo ikiwa ya kweli ni ngozi nyembamba inayosaidia biti kudumu, lakini ikinolewa hutoka kwenye ncha.

Ubao huwa pia orodha ya manunuzi. Baada ya miezi mitatu mwenye karakana atagundua kuwa vipimo vinavyoisha ni vichache, na vingine havijaguswa. Badala ya kununua seti nzima kila mara, hununua vipande vitatu vya kipimo kinachotumika na kuviweka akiba.

Mfanyabiashara wa duka la vifaa naye ana la kujifunza hapa. Biti zilizomwagwa kwenye trei moja huharibika kabla hazijauzwa, na muuzaji asiye na venia ya kupimia atauza 8.5 kwa jina la 8. Mteja aliyeharibikiwa na kazi harudi. Ubao uleule wa karakana, ukiwekwa kwenye kaunta, hulinda bidhaa na humwonyesha mwenye duka kipimo gani kinakwisha kabla hajafunga safari ya kwenda kununua mzigo.

Mkulima mwenye tela, pampu au mashine ya kukoboa hahitaji biti 25. Kipande cha mbao chenye matundu sita au manane, kwa vipimo vya bolti za mashine zake mwenyewe, kinamtosha. Na anapopeleka kazi kubwa mjini, anaweza kutupia jicho karibu na drili kabla ya kuacha chombo chake. Fundi anayejua biti yake ya 13 iko wapi, kwa kawaida anajua pia itamchukua muda gani kumaliza kazi.