SOKO LA MAGARI: Mnunuzi wa gari dogo la juu aangalie giaboksi kabla ya rangi

Magari madogo ya juu yaliyotumika Japani yamejaa katika yadi za Dar es Salaam na Mombasa. Mnunuzi anapofika yadi huuliza mwaka, kilometa na bei, kisha hutazama rangi na viti. Jambo moja linaloweza kumgharimu kuliko yote hayo mara nyingi halimo katika mazungumzo, nalo ni aina ya giaboksi.

Magari yote yasiyo na kanyagio la klachi huitwa "otomatiki". Hata karatasi za mnada na matangazo ya wauzaji wa Japani mara nyingi huandika AT tu. Lakini chini ya jina hilo ipo mitambo miwili tofauti, na kila mmoja una gharama zake za matunzo na matengenezo.

Mitambo miwili, jina moja

Wa kwanza ni otomatiki ya kawaida. Nguvu ya injini hupita kwanza katika chombo cha duara kilichojaa mafuta, halafu huingia katika gia halisi nne, tano, sita au zaidi. Gia hubadilishwa kwa klachi zinazosukumwa na mafuta hayo hayo. Mtindo huu ni wa miaka mingi na mafundi wengi wa mjini wameshaufungua.

Wa pili ni CVT. Huu hauna ngazi za gia. Una puli mbili zinazopanuka na kujibana, na katikati yake unapita mkanda wa chuma. Faida yake ni ya kweli: injini hukaa katika mzunguko unaofaa, hivyo mafuta huokolewa na gari huenda bila kushtuka. Ndiyo sababu viwanda vya Japani viliuingiza katika magari mengi miaka ya 2000.

Ugumu wake uko kwenye matunzo. Mkanda hushikana na puli kwa msukumo mkubwa, na huhitaji mafuta maalumu. Fundi akimimina mafuta ya otomatiki ya kawaida, mkanda huanza kuteleza na kukwangua puli. Joto, foleni ndefu, mchanga mzito na mzigo mkubwa huongeza tatizo. CVT ikishaharibika ndani, mara nyingi hubadilishwa nzima badala ya kufunguliwa. Mwaka 2009 Nissan ilirefusha dhamana ya CVT zake nchini Marekani hadi miaka 10 au maili 120,000 kwa magari ya modeli za 2003 hadi 2010. Mnunuzi wa gari la mtumba huku hana dhamana ya namna hiyo; hasara ni yake.

Yapi yana gia halisi

Jina la gari peke yake halitoshi, kwa kuwa kiwanda hubadilisha giaboksi toleo jipya linapotoka.

Toyota RAV4 iliyoanza mwaka 2000 ilitumia otomatiki ya gia nne. Iliyofuata mwishoni mwa 2005, yenye injini ya lita 2.4 kwa soko la Japani, iliwekewa CVT. Ndugu yake Vanguard ya lita 2.4 ni hivyo hivyo. Toyota Harrier ya mwaka 2003 yenye lita 2.4 ina gia nne, bali ya mwishoni mwa 2013 yenye lita 2.0 ni CVT.

Nissan X-Trail ya kwanza, iliyotoka mwaka 2000, ilikuwa na gia nne. Ya pili, ya mwaka 2007, ilihamia CVT kwa injini za petroli. Subaru Forester ilibaki na gia halisi hadi toleo la 2012 lilipoleta CVT. Honda CR-V ya mwaka 2006 yenye lita 2.4 ina gia tano, lakini toleo lililofuata lilitoa CVT kwa lita 2.0.

Yapo magari ambayo hayakuhama. Suzuki Escudo ya mwaka 2005, inayojulikana pia kwa jina la Grand Vitara, ina gia nne kwa injini ya lita 2.0. Escudo ya mwaka 2015 ina gia sita. Toyota Rush ya lita 1.5 ina gia nne. Mazda CX-5, tangu ilipoingia sokoni mwaka 2012, imetumia otomatiki ya gia sita. Kwa CX-5, mwenye safari fupi za mjini afikirie petroli kwanza, kwa sababu chujio la masizi la dizeli huhitaji mwendo mrefu ili lijisafishe.

Sheria za umri

Uchaguzi wa mnunuzi wa Kenya ni mwembamba zaidi, kwa kuwa gari lililozidi miaka minane haliruhusiwi kuingizwa. RAV4 na X-Trail za zamani zenye gia nne anaweza kuzipata tu miongoni mwa zilizokwisha kusajiliwa nchini. Akitaka kuagiza, CX-5 na Escudo mpya ndizo zinazomfaa.

Tanzania huruhusu magari ya zamani, ila hutoza ushuru wa ziada kwa gari lililozidi miaka minane na kuupandisha likizidi miaka kumi. Kwa hiyo otomatiki ya gia nne yaweza kuwa rahisi mnadani, kisha ikapanda bei bandarini. Mnunuzi apige hesabu ya bei ya gari likiwa limekwisha kupata namba, si bei ya Japani pekee.

Namna ya kuhakikisha

Asitegemee maneno ya muuzaji. Asome kibati cha chasisi kilichopigwa chini ya boneti au kwenye fremu ya mlango. Kwa Toyota, namba ya giaboksi inayoanza na U au A ni otomatiki ya gia. Inayoanza na K, kama K112, ni CVT. Kwa Nissan, tarakimu inayofuata herufi RE ndiyo idadi ya gia: RE4F04B ni gia nne, wakati RE0F10A ni CVT, maana sifuri ni kutokuwa na gia.

Baada ya hapo gari lijaribiwe injini ikiwa baridi. Muuzaji aliyeipasha moto mapema huenda ameficha dosari. Mguu ukiwa kwenye breki, gia iwekwe R kisha D. Gari lisichelewe kushika wala kugonga kwa nguvu. Barabarani gia zibadilike bila injini kupiga kelele huku mwendo hauongezeki. Penye kijiti cha kupimia, mafuta yaliyogeuka kahawia na kunuka kuungua ni onyo. Gia halisi nazo hufa zikitelekezwa. Mafundi wengi hushauri mafuta yabadilishwe kati ya kilometa 40,000 na 60,000, kwa aina ile ile iliyoandikwa katika kitabu cha gari.

Hatua ya mwisho haimgharimu mnunuzi chochote. Kabla ya kulipa, apite katika maduka ya spea ya Gerezani au Kirinyaga Road akiwa na namba ya giaboksi mkononi, aulize bei ya iliyotumika na kama inapatikana. Jibu hilo aliongeze kwenye bei ya gari kama akiba ya dharura. Iwapo jumla inavuka uwezo wake, gari hilo ni ghali hata kama yadi imempunguzia.

Gari la CVT lililotunzwa kwa risiti laweza kumfaa mwenye safari za lami na fundi anayeijua. Kwa mwenye gari moja, barabara mbovu na akiba ndogo, gia halisi bado ndizo zenye hasara inayotabirika.