Silaha ya kwanza ya askari polisi

Askari polisi wa Tanzania hanunui silaha ya kazi. Kijana wa Bagara au Maisaka, mjini Babati, anayetamani kuvaa sare ya polisi hataulizwa na mtu anapenda bastola ya aina gani. Silaha ataikuta ghalani, ataisaini, ataingia nayo lindoni, kisha atairudisha ikiwa na idadi ileile ya risasi au na maelezo ya kila iliyopungua. Marekani mambo huenda vingine: zipo idara za polisi zinazomwachia askari achague bastola katika orodha iliyoidhinishwa, na pengine ainunue kwa fedha zake. Maswali anayojiuliza askari wa huko yapo Tanzania pia, ila hujibiwa na jeshi zima linapofanya manunuzi, na baadaye na ofisa anayekabidhiwa bastola au anayeomba leseni ya silaha yake binafsi.

Jambo la kwanza la kueleweka ni kwamba silaha ya kwanza ya askari wa kawaida huwa bunduki ndefu. Kuruta anayepelekwa depo la Moshi hufundishwa kwata, sheria na shabaha, na bunduki anayoizoea ni ile ambayo askari huiita SMG, ya ukoo wa Kalashnikov. Bastola hubebwa zaidi na maofisa, wapelelezi na walinzi wa viongozi. Askari wa usalama barabarani wanaosimamisha magari kwenye barabara kuu ya Arusha hadi Dodoma, inayokatiza Babati, kwa kawaida hawana silaha kabisa. Katika Hifadhi ya Taifa ya Tarangire, askari wa uhifadhi anahitaji bunduki ndefu, kwa sababu jangili huweza kuonekana akiwa mbali, na tembo aliyekasirika hazuiliwi na bastola.

Mpangilio huo una mantiki. Bastola ni silaha ngumu kuilenga kuliko bunduki. Mtutu wake ni mfupi, umbali kati ya alama ya kulengea ya mbele na ya nyuma ni mdogo, tena haina kitako cha kuegemea bega. Mkono ukitikisika kidogo tu, risasi huenda kando kabisa ya shabaha. Hata mlengaji hodari huiona zaidi kuwa silaha ya karibu, ya hatua chache, na faida yake kubwa ni kwamba hubebeka kiunoni huku mikono yote miwili ikiwa huru.

Taasisi inaponunua bastola, swali linalozua mabishano mengi ni ukubwa wa risasi. Risasi ya milimita 9 iliyobuniwa na Mwaustria Georg Luger mwanzoni mwa karne ya 20 ndiyo inayotumiwa na polisi wengi duniani leo, lakini iliwahi kukataliwa. Tarehe 11 Aprili 1986, mjini Miami, Marekani, makachero wa FBI, shirika la upelelezi la nchi hiyo, walirushiana risasi na majambazi wawili wa benki. Makachero wawili waliuawa na wengine watano wakajeruhiwa. Lawama kubwa iliangukia risasi ya milimita 9 iliyompata mmoja wa majambazi mapema bila kumzuia kuendelea kupigana. FBI ikahamia kwenye risasi kubwa zaidi, ya milimita 10, na baada ya hapo ile inayoitwa .40. Mishtuko ya bastola hizo iliwasumbua makachero wengi na shabaha yao ikashuka. Katikati ya miaka ya 2010 FBI ikarudi kwenye milimita 9, ambayo wakati huo ilikuwa imeboreshwa. Miaka takribani thelathini ilipita hadi kukubalika kwamba risasi ndogo inayopiga inapolengwa ina manufaa kuliko kubwa inayokosa. Mtu anayejisifia bastola kwa ukubwa wa risasi yake hajalielewa somo hilo.

Aina za bastola zimebadilika pia. Bastola ya silinda, yenye risasi sita kwa kawaida, ilitumiwa na polisi kwa miongo mingi kwa sababu ni rahisi kuielewa na haikwami ovyo. Nafasi yake ilichukuliwa na bastola za magazini. Browning Hi-Power ya mwaka 1935 hubeba risasi 13. Glock 17, iliyoanza kutumiwa na jeshi la Austria miaka ya 1980, hubeba 17, na fremu yake ya plastiki ngumu huifanya iwe nyepesi. Nchini Kenya jina la Ceska, la bastola za Kicheki, limezoeleka mno katika habari za polisi na za uhalifu. Zote hizi zinafaa kazi, na tofauti ya ubora kati yao ni ndogo kuliko tofauti kati ya askari aliyefanya mazoezi na asiyefanya.

Kipimo muhimu kuliko jina la kiwanda ni mkono. Mshikaji anapaswa kuufumbata mpini barabara, na ncha ya kidole cha shahada ifike kwenye kifyatulio bila mkono kujisogeza. Mpini mnene humlazimu mwenye kiganja kidogo kuizungusha bastola kidogo kila anapofyatua, na risasi zake zitaelekea upande mmoja siku zote. Askari wengi wa kike wamehukumiwa kuwa hawana shabaha wakati kosa lilikuwa la mpini. Baadhi ya viwanda sasa hutoa vipande vya kubadilisha unene wa mpini, na jeshi lenye askari wa maumbo mbalimbali lingefanya vyema kuvidai katika mikataba yake.

Baada ya mpini kuna kifyatulio. Kikiwa chepesi mno, mtu aliyeshtuka anaweza kufyatua bila kukusudia. Kikiwa kizito mno, shabaha huharibika. Polisi wa jiji la New York kwa miaka mingi walitumia kifyatulio kilichohitaji nguvu ya kilo tano na zaidi ili kupunguza ajali, na kwa kufanya hivyo walipunguza pia usahihi. Kinga ya kweli ni kidole kukaa nje ya kifyatulio mpaka uamuzi wa kupiga uwe umefanyika. Ala ya bastola nayo isipuuzwe. Inapaswa kufunika kifyatulio chote na kuishika silaha hata askari anapokimbia au kukabana na mtuhumiwa. Vumbi la kiangazi la Babati, likichanganyika na mafuta mengi ya silaha, hugeuka tope ndani ya mitambo, kwa hiyo mafuta kidogo na usafi wa mara kwa mara ni bora.

Silaha ya polisi ikiibwa huwa hatari kuliko ilivyokuwa mikononi mwa askari. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964, wanamapinduzi wa Zanzibar walivamia ghala la silaha la polisi Ziwani, na bunduki walizozipata humo zilichangia kuamua matokeo ya siku hiyo. Julai 2015 kituo cha Stakishari, Ukonga, Dar es Salaam, kilivamiwa. Askari waliuawa na silaha zikaporwa. Ndiyo maana kusaini daftari na kuhesabu risasi kila zamu si urasimu wa bure. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, ambayo Tanzania iliitia saini, inazitaka nchi za ukanda huu kuziwekea alama silaha zao ili zifuatiliwe zinapopotea.

Ofisa anayetaka bastola yake binafsi hana njia ya mkato. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka umiliki wa raia uwe wa leseni, na cheo kazini hakigeuzi silaha ya serikali kuwa mali ya mtu. Kijana wa Babati anayeitaka kazi hii asianze kwa kutafuta silaha. Afuatilie matangazo ya ajira ya Jeshi la Polisi, atunze vyeti vyake na ajiepushe na makosa ya jinai, kwa sababu kukutwa na silaha isiyo na leseni kutamfikisha kituoni akiwa mtuhumiwa.