Mafuta na filtre ya motokari ya zamani: chagua vema, jilinde vema

Ndugu wafanya kazi, wengi kati yetu tuko na motokari zenye umri mkubwa. Tulizinunua kwa akiba ya miaka mingi, nazo zinatusaidia sana: zinatupeleka kazini asubuhi, zinaleta mahindi toka shamba, na usiku mama akishikwa na uchungu, ni zile zile zinazomfikisha hospitali. Motokari ya namna hii ikikufa njiani, si mwenyewe peke yake anayepata hasara, ni jamaa nzima.

Motere nyingi haziuawi na uzee. Zinauawa na mafuta yasiyofaa, filtre mbovu, ao mafuta yaliyokaa ndani kupita wakati wake. Tena, watu wengine wanaumia wenyewe wakati wa kubadilisha mafuta nyumbani. Kwa hiyo leo tutaeleza mambo mawili: namna ya kuchagua, na namna ya kufanya kazi hiyo pasipo hatari.

KAZI YA MAFUTA NDANI YA MOTERE

Ndani ya motere vyuma vinazunguka mara maelfu kwa dakika moja. Mafuta yanaingia katikati ya chuma na chuma, yanavitenga visigusane. Yanaondoa joto mahali ambapo maji hayafiki. Yanabeba masizi na unga wa chuma na kuvipeleka kwenye filtre. Tena yanazuia kutu. Mafuta yakikosekana kwa dakika chache tu, vyuma vinashikana na motere inakwisha.

NAMBA KWENYE BIDONI

Juu ya bidoni utaona maandiko kama 15W-40 ao 20W-50, pamoja na herufi SAE. Herufi hizo ni jina la chama cha mainjinia wa Marekani kilichoanzishwa mwaka 1905. Namba ya kwanza, ile yenye W, inaonyesha namna mafuta yanavyotiririka wakati wa baridi. Namba ya pili inaonyesha uzito wake motere ikiwa na joto, yaani kwa digri 100. Namba ikiwa ndogo, mafuta ni mepesi. Ikiwa kubwa, mafuta ni mazito.

Watu wengi wanasema: «Motere ya zamani inataka mafuta mazito sana.» Tuangalie vizuri neno hilo. Mwezi wa sita na wa saba, asubuhi ya Lubumbashi ao Kolwezi inakuwa baridi sana. Mafuta mazito kupita kiasi yanakawia kufika juu ya motere, na wakati huo vyuma vinasuguana vikavu. Kila asubuhi unakula motere yako kidogo kidogo.

Basi, kitu cha kufuata ni kitabu cha motokari. Vitabu vingi vya motokari za miaka ya 1970 na 1980 vinakubali 15W-40 ao 20W-50 kwa nchi za joto kama yetu. Ikiwa kitabu kimepotea, muulize fundi anayejua motere ya aina hiyo. Usifuate tu mafuta anayotia jirani, maana motere yake pengine si sawa na yako.

Moshi wa rangi ya buluu ukitoka nyuma, ujue ya kwamba motere inachoma mafuta: segmenti za pistoni ao mipira ya supape imekwisha. Mafuta ya 20W-50, kama kitabu kinayaruhusu, yanaweza kupunguza moshi huo. Lakini mafuta hayatengenezi chuma kilichokwisha. Anza kuweka akiba ya matengenezo.

HERUFI ZA UBORA

Tafuta vilevile herufi API. Baada yake, herufi S ni ya motere za esanse, na herufi C ni ya motere za mazutu. Herufi inayofuata inaonyesha kizazi cha mafuta: SF ni ya mwaka 1980, SL ya 2001, SN ya 2010, SP ya 2020. Bidoni yenye SA tu uiache dukani: mafuta hayo hayana dawa ya kulinda chuma, nayo hayafai kwa motere nyingi zilizotengenezwa baada ya mwaka 1930.

Hapa mwenye motokari ya zamani afungue macho. Katika motere nyingi za zamani, ule mti wa chuma unaosukuma supape unasuguana moja kwa moja na vyuma vilivyo bapa. Ulinzi wake ni dawa yenye zinki na fosfori iliyochanganywa ndani ya mafuta. Kwa kuwa fosfori inaharibu chombo cha kusafisha moshi katika motokari mpya, kiasi chake kilipunguzwa toka mwaka 2004 katika mafuta mepesi, kama 5W-30. Mafuta hayo ni mazuri kwa motokari mpya, lakini mti wa motere ya zamani unaweza kuliwa haraka.

Kipimo hicho hakikuwekwa kwa mafuta ya 15W-40 na 20W-50. Mafuta ya 15W-40 yenye alama ya pamoja kama CI-4/SL, yaani ya mazutu na ya esanse, yanafaa kwa motere nyingi za zamani za esanse, kitabu kikikubali uzito huo. Lakini usitie kamwe katika motere ya mazutu mafuta yenye alama ya S peke yake.

FILTRE SI KIKOPO TU

Filtre zote zinafanana kwa nje: kikopo cha chuma chenye rangi. Tofauti iko ndani. Kuna karatasi iliyokunjwa, ambayo inashika uchafu. Kuna mlango mdogo unaofunguka karatasi ikiziba, ili motere isikose mafuta. Lakini mlango huo ukifunguka, mafuta yanapita bila kusafishwa, na dereva hajui kitu. Ndiyo maana filtre iliyochelewa kubadilishwa ni adui aliyejificha.

Tena katika filtre nyingi kuna ulimi wa mpira unaozuia mafuta yasirudi chini usiku. Ukisikia kila asubuhi motere inagonga kwa nukta chache na taa nyekundu inakawia kuzimika, pengine ulimi huo ni mbovu ao haumo.

Wakati wa kununua, fanya hivi:

1. Nenda na namba ya filtre ya zamani, ao aina ya motere na mwaka wake. Usichague kwa kutazama ukubwa tu. Filtre inaweza kuingia vizuri kwenye nyuzi zake na bado ikawa na milango isiyofaa motere yako.
2. Linganisha mpira wa mviringo na ule wa zamani. Upana uwe sawasawa.
3. Tazama kama kikopo hakikubonyea na nyuzi ni safi.
4. Usioshe filtre ya karatasi kwa esanse ili uitumie tena. Karatasi inapasuka, na uchafu unaingia katika motere.

Wenye Volkswagen ya zamani, ile ya mgongo wa duara, wajue ya kwamba motere yao haina filtre ya karatasi. Ina chujio la waya chini, na inachukua litre mbili na nusu tu za mafuta. Chujio hilo linaoshwa kila mara mafuta yanapobadilishwa. Kwa kuwa hakuna karatasi, usichelewe kuyabadilisha.

JIHADHARI NA MAFUTA YA UONGO

Kuna watu wanaokusanya bidoni tupu na kutia ndani mafuta yaliyotumika, yaliyochujwa kwa kitambaa. Angalia kifuniko: pete yake isiwe imekatika. Angalia karatasi ya bidoni: isiwe imebandikwa mara mbili. Bei ikiwa chini kupita kiasi, jiulize sababu. Na wewe ukimaliza mafuta, toboa bidoni yako kabla ya kuitupa, isije ikamdanganya ndugu mwingine.

WAKATI WA KUBADILISHA

Kwa mafuta ya kawaida katika motere ya zamani, kilometre 5.000 ao miezi sita ni kipimo kizuri, kile kinachotangulia. Kiangazi, vumbi jekundu likijaa njiani, ao ukifanya safari fupi fupi tu kati ya nyumba na kazi, usingoje hata kufika hapo. Badilisha filtre pamoja na mafuta.

Kila juma, motokari ikiwa mahali palipo sawa na motere imezimwa kwa dakika kadhaa, tazama kijiti cha kupimia. Mafuta yawe kati ya alama mbili. Yakipita alama ya juu ni vibaya vilevile, maana yanafanya povu. Taa nyekundu ya mafuta ikiwaka njiani, simama na uzime motere mara moja. Usiseme: «Nitafika tu nyumbani.» Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

USALAMA WAKO KWANZA

Sheria za kazini zifuatwe na nyumbani pia.

Usiingie kamwe chini ya motokari iliyoshikwa na kriki peke yake. Kriki ni ya kuinua, si ya kushikilia. Tumia vyuma vya kuegemeza ao magogo mapana yenye nguvu, na uzuie magurudumu yaliyo chini. Usitumie matofali: yanapasuka ghafula bila kukuonya.

Motere iwe vuguvugu, isiwe moto. Mafuta yanayotoka moto yanababua mkono na uso.

Usiwashe motere ndani ya garaji iliyofungwa. Moshi wake una monoksidi ya kaboni, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Inaua mtu kama anayelala usingizi.

Mpira wa filtre mpya upakwe mafuta safi. Hakikisha mpira wa zamani haukubaki kwenye motere, maana mipira miwili ikikutana, mafuta yote yatamwagika njiani. Kaza kwa mkono: mpira ukigusa, ongeza robo tatu za mzunguko. Kisha washa motere, tazama chini kama hakuna tone.

Linda ngozi yako. Mafuta yaliyotumika yana vitu vinavyoweza kuleta kansa ya ngozi yakigusa mwili mara nyingi kwa miaka. Huko Uingereza, katika mwaka 1922, waganga walionyesha kansa hiyo kwa wafanya kazi wa viwanda vya pamba ambao nguo zao zililowa mafuta ya mashine kila siku. Basi vaa glavu, usitie kitambaa chenye mafuta mfukoni, badilisha salopeti iliyolowa. Nawa kwa sabuni na maji, si kwa esanse.

NENO KWA AKINA MAMA

Mafuta yaliyotumika yasiwekwe katika chupa ya bia ao ya limonadi, maana mtoto atakunywa. Mtoto akiyanywa, usimtapishe: mafuta yakiingia mapafuni ni hatari zaidi. Mpeleke upesi kwenye dispanseri, na uchukue chupa ile pamoja naye. Mafuta hayo yasimwagwe karibu na kisima ao bustani, yasinyunyizwe uwanjani kuzuia vumbi, yasipakwe kwenye kidonda. Yawekwe katika bidoni yenye kifuniko na alama, yapelekwe kwa garaji inayoyakusanya.

Ndugu, motokari ya zamani haidai mafuta ya bei ya juu kuliko yote. Inadai mafuta yenye namba na herufi zake, filtre yake ya kweli, na wakati usiopita. Soma bidoni kabla ya kulipa, na uegemeze motokari kabla ya kuingia chini. Hapo motere itadumu, na wewe utarudi kwa jamaa yako mzima.